Simulesheni ya jengo la ofisi: tunaweza kuitegemea kabla ya kubadilisha viyoyozi?

Msimamizi wa Jengo, Dar es Salaam

Wanajukwaa, habari za kazi.

Ninasimamia jengo la ofisi la ghorofa nne maeneo ya Upanga. Ni jengo la nguzo na mihimili ya zege, lenye kuta za matofali ya saruji ya inchi sita na madirisha ya alumini ya kioo cha tabaka moja, na upande wa magharibi unaotazama barabara ni kioo karibu wote. Tunapoza ofisi kwa viyoyozi vya ukutani vya BTU 12,000, 18,000 na 24,000 (BTU hapa ni kipimo cha uwezo wa kupoza kwa saa), ambavyo vilifungwa kwa vipindi tofauti kadiri kila idara ilivyohamia, na baadhi bado vinatumia R22, gesi ya kupozea ya zamani. Kuanzia Novemba hadi Machi bili ya umeme hupanda mno. Pamoja na gharama hiyo, wafanyakazi wa upande wa magharibi hulalamikia joto kuanzia saa nane mchana, wakati wenzao walio kwenye chumba cha mikutano cha upande wa mashariki hukaa na masweta.

Kampuni moja ya ushauri imependekeza tung'oe viyoyozi vyote na kufunga mfumo mmoja wa pamoja, na imetuahidi kwamba matumizi ya umeme yatashuka sana. Menejimenti haijakataa, ila imeniagiza nilete ushahidi unaojitegemea kabla fedha hazijaidhinishwa. Nimesoma kwamba zipo programu zinazoiga mwenendo wa jengo zima kwenye kompyuta, saa kwa saa kwa mwaka mzima, na kwamba nyingine hupatikana bure. Je, simulesheni ya aina hiyo inaweza kutuonyesha umeme wa kupoza unapotelea wapi, na kupima kwa haki kati ya kubadilisha mashine, kuweka vivuli madirishani na kupandisha tu nyuzijoto kwenye rimoti? Nianze kukusanya taarifa zipi? Na matokeo yake yaaminiwe kwa kiasi gani?

Nina suala la pili, ambalo ni kinyume cha la kwanza. Tawi letu la Njombe liko kwenye jengo la chini lililoezekwa kwa bati, lisilo na dari katika sehemu kubwa, na madirisha yake ni ya luva. Mwezi wa Juni na Julai kila mfanyakazi huja na hita yake ya kuchomeka, sakiti breka hukatika asubuhi nzima, na bado watu huandika wakiwa wamevaa makoti. Je, programu hiyo hiyo inafaa kwa kupasha joto, au huo ni mzigo mkubwa mno kwa tatizo dogo?

Natanguliza shukrani.

Mhandisi wa Nishati, Arusha

Ndugu Msimamizi, umeuliza kabla ya kununua, jambo ambalo si la kawaida katika shughuli hizi. Kwa ufupi, simulesheni inaaminika sana inapolinganisha njia mbili za kufanya jambo kwenye jengo lile lile, lakini haiaminiki kwa kiasi hicho inapotabiri kiasi cha bili. Mtu akikuletea tarakimu moja ya mwisho bila kukuonyesha alichokilinganisha nayo, hajakuletea ushahidi bado.

Kazi ya programu hizi ni kuweka mizania ya joto. Kwa kila sehemu ya jengo, na kwa kila saa kati ya saa 8,760 za mwaka, programu hujumlisha joto linalopita kwenye kuta, paa na vioo, joto la watu, taa na kompyuta, na joto na unyevu unaoletwa na hewa ya nje. Kisha hukokotoa mashine ingetakiwa kuondoa kiasi gani ili chumba kibaki kwenye nyuzijoto iliyotakiwa, na ingekula umeme kiasi gani kwa kufanya hivyo. Umuhimu wa kwenda saa kwa saa ni kwamba zege hutunza joto: jua linalopiga ukuta saa tisa alasiri huweza kufika ndani jioni, wafanyakazi wakiwa wameshafunga ofisi, na hesabu ya wastani wa mwezi haiwezi kuliona hilo.

Kuhusu uchaguzi wa programu, usijichoshe. EnergyPlus ya Wizara ya Nishati ya Marekani ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2001 ikirithi kazi ya programu mbili za zamani, DOE-2 na BLAST, na ni ya bure. Yenyewe haina sura rafiki ya kuchorea jengo, kwa hiyo wengi huitumia kupitia OpenStudio, ambayo nayo ni ya bure, au DesignBuilder, ambayo hulipiwa. Zipo pia TRNSYS, IDA ICE na ESP-r. Kuna kipimo cha kimataifa cha kukagua programu hizi, ASHRAE 140, kilichotolewa na chama cha wahandisi wa viyoyozi cha Marekani (ASHRAE), na programu iliyokaguliwa kwa kipimo hicho haitakuwa chanzo kikubwa cha kosa lako. Makosa makubwa hutoka kwenye kile tunachoiingizia.

Anza na hali ya hewa. Faili linalopatikana kwa Dar es Salaam hutokana na kituo cha uwanja wa ndege, na kwa kawaida ni la mwaka wa mfano, yaani mwaka uliounganishwa kwa miezi iliyochaguliwa kutoka miaka tofauti. Faili hilo linafaa kabisa kulinganisha kivuli na mashine mpya. Halifai kulinganishwa na bili ya mwaka jana, kwa sababu Februari ya kwenye faili si Februari uliyoilipia. Kwa kazi ya bili, tafuta vipimo vya mwaka wenyewe.

Halafu kuna jua, na hapa ndipo naona tatizo lako la magharibi lilipo. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 6.8 kusini mwa ikweta. Jua la saa sita mchana huwa upande wa kaskazini kwa sehemu kubwa ya mwaka, kisha huhamia kusini kuanzia karibu tarehe 10 Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi, lakini pande zote mbili huwa juu sana, na ukingo mfupi wa zege juu ya dirisha unatosha kulizuia. Magharibi ni habari nyingine. Kuanzia saa tisa hadi saa kumi na mbili jioni jua huteremka hadi kulitazama dirisha ana kwa ana, na ukingo wa juu hausaidii kitu. Chukua ofisi moja yenye mita 40 za mraba za kioo kitupu kinachopitisha asilimia 80 ya joto la jua, na jua la alasiri lenye nguvu ya wati 500 kwa kila mita ya mraba ya kioo. Joto linaloingia ni 40 × 0.8 × 500, yaani wati 16,000. Kwa lugha ya mafundi hizo ni takriban BTU 54,600 kwa saa: viyoyozi vitatu vya BTU 18,000 vinafanya kazi ya kulifukuza jua pekee, kabla hata mtu mmoja hajaingia chumbani. Kivuli cha nje, iwe mabamba ya wima au wavu wa chuma, hulizuia joto hilo kabla halijavuka kioo. Pazia la ndani hulipokea likiwa limeshaingia. Filamu ya kubandika iko katikati: ikishusha asilimia 80 kuwa 40, umebaki na wati 8,000. Huo ni ulinganisho ambao simulesheni huufanya vizuri sana, kwa sababu jiometria ya jua haina ubishi.

Suala la tatu ni unyevu, na hili ndilo linaloachwa na watu wengi waliojifunza kwa mifano ya nchi zenye hewa kavu. Tuseme ofisi ina watu 30 na kila mmoja anapewa lita 10 za hewa safi kwa sekunde. Mchana wa Februari hewa ya nje iwe nyuzijoto 31 na unyevu asilimia 70, na ndani tunataka nyuzijoto 24 na unyevu asilimia 50. Kuipoza hewa hiyo peke yake kunahitaji takriban kilowati 2.4. Kuukamua unyevu wake kunahitaji karibu kilowati 9, na maji yatakayotoka kwenye bomba la kiyoyozi ni lita 13 hivi kwa saa, kiasi cha kujaza ndoo ya lita 20 kwa saa moja na nusu. Kwa hiyo, kama aliyejenga modeli, yaani jengo la kuigiza kwenye kompyuta, ameweka kiyoyozi kinachoshughulikia joto tu na kuusahau unyevu, tupa ripoti.

Hapo kuna mtego mwingine. Viyoyozi vya ukutani ulivyonavyo haviingizi hewa safi hata kidogo; huizungusha ile ile ya chumbani. Programu nyingi, ukiziacha zifuate mipangilio yake, huweka hewa safi kwa kiwango cha kanuni. Utakuwa umeiga jengo ambalo huna. Na kinyume chake, mfumo mpya wa pamoja wenye kuingiza hewa safi ukilinganishwa na viyoyozi visivyoingiza hewa, mfumo mpya utaonekana mlafi wa umeme ingawa unawapa watu hewa ambayo hawajawahi kuipata. Lazima uamue mapema unalinganisha nini na nini.

Mwisho ni kuoanisha modeli na bili. Mwongozo wa 14 wa ASHRAE unataka modeli inayolinganishwa na bili za kila mwezi isipotoke kwa jumla zaidi ya asilimia 5, na mtawanyiko wa tofauti za mwezi kwa mwezi usizidi asilimia 15. Ukilinganisha saa kwa saa, mipaka ni asilimia 10 na 30. Kwetu kuna mambo ambayo mwongozo huo haukuyafikiria. Kama jengo liko kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, risiti za kununua umeme si kumbukumbu za matumizi: mtu hununua uniti nyingi leo na kukaa wiki kadhaa. Soma mita yenyewe kila tarehe mosi. Kama mko daraja la bei la T2 la TANESCO, mnatozwa pia kwa kilele cha kVA, yaani kiwango cha juu kabisa cha umeme mlichovuta kwa wakati mmoja, kwa hiyo saa moja mbaya ya alasiri ina bei yake, mbali na uniti zilizotumika. Na saa ambazo jenereta iliwaka hazionekani kwenye mita kabisa. Zitafute kwenye daftari la dizeli, la sivyo mwezi wa mgao wa umeme utaonekana kama mwezi wa uangalifu.

Hata modeli inayolingana na bili inaweza kuwa imekosea mara mbili kwa pande zinazofidiana, kwa mfano taa zimezidishwa na viyoyozi vimepunguzwa. Dawa yake ni kufunga mita ndogo kwenye saketi za viyoyozi za ghorofa moja tu, kwa wiki chache za msimu wa joto na wiki chache za Julai. Gharama yake ni ndogo ukiilinganisha na mfumo unaotaka kuununua.

Fundi Viyoyozi, Mwanza

Mhandisi ameeleza yaliyo ndani, mimi naongeza yaliyo nje ya ukuta.

Ufanisi ulioandikwa kwenye kibandiko cha kiyoyozi hupimwa maabara, hewa ya nje ikiwa nyuzijoto 35 na ya ndani 27, koili zikiwa safi kabisa. Nenda kaangalie mashine zako za nje zimefungwa wapi. Kwenye majengo mengi ya mjini zimepangwa juu kwa juu ndani ya kishimo chembamba kati ya majengo mawili, na ile ya juu inavuta hewa ya moto iliyotemwa na ya chini yake. Programu haijui hilo. Inasoma nyuzijoto 31 kwenye faili la uwanja wa ndege na kuamini kwamba ndiyo hewa inayopita kwenye koili. Pima kwa kipimajoto cha kawaida mbele ya koili ya mashine ya ghorofa ya tatu saa tisa alasiri, ndipo mhandisi wako arekebishe hesabu ya mashine kwa kipimo hicho. Wakati mwingine kuzihamishia juu ya paa mashine kadhaa kunaleta nafuu kuliko kununua mpya.

Kuhusu chumba cha mikutano chenye masweta, karibu nina hakika hata kabla ya kukiona kwamba kuna BTU 24,000 mahali panapohitaji 12,000. Mashine kubwa mno ya mtindo wa zamani, isiyo ya inveta (yaani isiyoweza kupunguza kasi ya kompresa), hufikia nyuzijoto iliyowekwa kwa dakika chache na kompresa hukata kabla unyevu haujakamuliwa vya kutosha. Watu wanabaki na baridi yenye unyevu, wanashusha rimoti wakidhani hewa nzito ni joto, na mwisho wake ni masweta. Mwambie anayejenga modeli aingize ukubwa halisi wa kila mashine, asiache programu ijichagulie ukubwa unaofaa, maana ikijichagulia tatizo lako lote linatoweka kwenye karatasi.

Hizo za R22 usizihesabu kama mashine zitakazodumu. Chini ya Itifaki ya Montreal, mkataba wa kulinda tabaka la ozoni, nchi zinazoendelea zinatakiwa kukomesha gesi hiyo ifikapo 2030, isipokuwa kiasi kidogo cha matengenezo. Kwa hiyo ulinganisho wa haki ni kati ya mfumo wa pamoja na viyoyozi vipya vya ukutani vya inveta. Ukiushindanisha na mashine chakavu ambazo zingeondoka kwa vyovyote, hujaupima.

Mhandisi Joto, Hamburg

Salaam kutoka Hamburg. Huku kazi yangu ni ofisi, na kwa sehemu kubwa ya mwaka tunahangaika na kupasha joto, kwa hiyo nitajikita Njombe.

Programu ni ile ile na hesabu ni ile ile, mshale tu umegeuka. Kabla ya kufungua kompyuta, hata hivyo, fanya hesabu ya kalamu, kwa sababu kwa jengo dogo kama hilo inakupeleka mbali. Tuseme paa lina mita 200 za mraba za bati tupu. Bati lisilo na dari hupitisha karibu wati 7 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti. Asubuhi ya Julai nje kukiwa na nyuzi 8 na ndani mkitaka 20, joto linalotoka kupitia paa ni 200 × 7 × 12, yaani kilowati 16.8. Hizo ni hita nane za kilowati mbili zinazowaka kwa ajili ya kupasha anga la Njombe. Wekeni dari na juu yake sufi ya kioo (nyuzi laini za kioo za kuzuia joto) ya unene wa milimita 100. Upitishaji unashuka hadi kama wati 0.4, na hasara ya paa inakuwa chini ya kilowati moja. Watu 12 na kompyuta zao mpakato wanatoa zaidi ya hapo wakiwa wamekaa tu.

Kinachobaki ni kuta na luva. Luva hazizibi hata zikifungwa. Ukikadiria hewa yote ya ndani inabadilishwa mara tatu kwa saa, jengo la kimo cha mita 2.7 linapoteza kilowati 5 hivi, nikiwa nimeshazingatia kwamba hewa ya mwinuko wa karibu mita 2,000 ni nyepesi. Kwa hiyo mpangilio wenyewe unajionyesha: dari kwanza, madirisha ya pili, hita za mwisho. Na hita ikifika zamu yake, kumbukeni kwamba ya kuchomeka inatoa joto la uniti moja kwa kila uniti ya umeme, ilhali kiyoyozi chenye uwezo wa kupasha hutoa karibu tatu kwa baridi ya kiasi hicho, kwa kuwa hulihamisha joto kutoka nje badala ya kulitengeneza. Pale simulesheni itawafaa kwa swali moja ambalo kalamu hailiwezi: baada ya dari kuwekwa, jua la mchana na zege la sakafu vinapunguza saa ngapi za kuwasha hita? Madirisha ya kaskazini, ambayo Julai hupata jua la kutosha Njombe, yanaweza kufanya kazi kubwa.

Kama hakuna faili la hali ya hewa la Njombe, msichukue la Dar es Salaam na kulishusha kwa nyuzi kadhaa. Tafuteni la kituo cha mwinuko unaokaribiana, kwa mfano Mbeya, na mlirekebishe kwa vipimo vyenu.

Tahadhari moja kwa jengo la Upanga pia. Maktaba za vifaa zilizomo ndani ya programu hizi zimejaa kuta za Ulaya na Marekani. Ukuta mpya wa huku hupitisha wati 0.2 au 0.3, na ukuta wa tofali la saruji la inchi sita lililopigwa plasta hupitisha karibu mara kumi ya hapo. Vivyo hivyo ratiba za matumizi: programu hudhani ofisi inafunguliwa na kufungwa kama ya Chicago. Futeni kila kilichokuja na programu na mjaze cha kwenu.

Tena, pale mnapokuwa na kupasha na kupoza kwenye jengo moja, wekeni pengo kati ya viwango viwili. Huku nimekuta ofisi ambazo radieta za dirishani zinapasha wakati mfumo wa darini unapoza, kila mmoja ukimwongezea kazi mwenzake, na bili ya pande zote mbili inalipwa na mpangaji yule yule. Kupasha kukiishia 20 na kupoza kukianza 26, ugomvi huo unakoma. Mwaka 2022, kwa sababu ya uhaba wa gesi, Ujerumani ilizitaka ofisi za umma zisipashwe kupita nyuzi 19, na watu walizoea haraka kuliko walivyodai wangeweza.

Msimamizi wa Jengo, Dar es Salaam

Nawashukuru nyote. Suala la Njombe nimelielewa kiasi cha kuanza kuomba makadirio ya dari wiki hii, na fundi alikuwa sahihi kuhusu chumba cha mikutano: ni BTU 24,000, na rimoti nimeikuta kwenye 16.

Baada ya kusoma majibu yenu nimewarudia washauri, nao wamenipa ripoti yao ya simulesheni, ambayo awali hawakuiambatisha. Nimeona mambo mawili yanayonitatiza. Jengo la sasa limeigwa likiwa kwenye nyuzijoto 22 usiku na mchana, na mfumo mpya umeigwa ukiwa kwenye 24 kwa saa za kazi tu. Pili, hakuna mahali bili zetu zimetajwa. Je, nina haki ya kudai zaidi, na nidai nini? Menejimenti pia inauliza kama tunaweza kuagiza viyoyozi visishushwe chini ya nyuzijoto 26 bila kuleta mgogoro na wafanyakazi.

Mbunifu Majengo, Nairobi

Ndugu, una haki kabisa, na hayo uliyoyaona si madogo. Tofauti ya nyuzi mbili na ya saa za kuwasha mashine haina uhusiano wowote na mashine yenyewe. Unaweza kuipata kesho asubuhi kwa rimoti na saa ya ukutani, bila kutoa shilingi moja. Waambie warudie na mifumo yote miwili iwe kwenye nyuzijoto ile ile, ratiba ile ile na hewa safi ile ile. Kitakachobaki baada ya hapo ndicho mchango wa mfumo wao.

Omba pia idadi ya saa ambazo kila modeli ilishindwa kufikisha chumba kwenye nyuzijoto iliyotakiwa. Kiambatisho G cha kanuni ya ASHRAE 90.1 kinataka saa hizo zisizidi 300 kwa mwaka. Mfumo unaokula umeme kidogo kwa sababu haupozi vya kutosha utaonekana bora kwenye jedwali la uniti, na ukurasa wa saa hizo ndio utakaoufichua.

Mpangilio wa majaribio nao una maana. Kivuli cha magharibi na taa za LED viingizwe kwanza, ndipo mashine ikadiriwe ukubwa. Ukianza na mashine, utanunua uwezo wa kufukuza zile kilowati 16 alizozieleza mhandisi wa Arusha, kisha uweke kivuli baadaye na kubaki na mtambo mkubwa kupita mahitaji. Najua muuzaji wa mitambo hana hamu ya kuanza na kivuli.

Kuhusu nyuzijoto 26: inawezekana, kwa sharti la feni. Feni ya dari hula wati 60 au 70, na upepo wake humfanya mtu aone 26 kama 24 hivi, wakati kiyoyozi cha BTU 24,000 hula karibu kilowati mbili. Ila angalieni mtu asiwaletee ile hesabu ya ASHRAE 55 ya mazoea ya hali ya hewa, ambayo kwa mwezi wenye wastani wa nyuzi 27 nje hutoa kiwango cha starehe cha 26.2 ndani na kuruhusu nyuzi 3.5 zaidi. Hesabu hiyo ni ya majengo yanayotegemea madirisha yaliyo wazi, na haihusu ofisi iliyofungwa yenye kiyoyozi. Kwenu, ghorofa ya nne yenye upepo wa bahari pengine inaweza kufungua madirisha miezi ya Juni hadi Agosti, na hilo ni jaribio zuri la kuliongeza kwenye modeli.

Nasema hivyo nikijua kwamba watu hupenda kunukuu jengo la ofisi za Umoja wa Mataifa hapa Gigiri, lililofunguliwa mwaka 2011 likiwa na paneli za sola juu ya paa na uwazi wa katikati unaopitisha hewa bila viyoyozi. Ni jengo zuri, lakini linafanya kazi hivyo kwa sababu Nairobi iko juu, karibu mita 1,700, na usiku wake hupoza zege bure. Usiku wa Februari wa Dar es Salaam kwa kawaida haushuki chini ya nyuzi 24 au 25, na zege lenu halina pa kulitua joto lake. Modeli itawaonyesha hilo ndani ya dakika chache za kukokotoa, na ni afadhali ionyeshe modeli kuliko mkandarasi.

Jambo la mwisho la kudai ni faili la pembejeo lenyewe. Kama walitumia EnergyPlus, ni faili la maandishi ya kawaida linalofunguka kwa programu yoyote ya kuandikia, na kila nyuzijoto, ratiba na kioo kimeandikwa humo mstari kwa mstari. Ripoti inaweza kupambwa, faili hilo ni vigumu kulipamba. Mkipewa, ondoa jina la kampuni na uliweke hapa. Mimi na mhandisi wa Arusha tutaanza na mistari ya vioo vya magharibi.